Mafundo ya Rijla

Riyadh hakuoti kitu bure. Lakini AC ikidondosha maji mahali pamoja mchana kutwa, pale chini patatokea kitu tu, na nyuma ya nyumba ya bosi wetu palitokea rijla. Hakuna aliyeipanda. Ni jani linalotambaa, shina jekundu, vijani vidogo vinene vimejaa maji. Kwetu Kisauni limejaa kando ya mifereji, tunawakatia bata. Sikuwahi kulijua kwa jina mpaka nilipofika Saudia nikawasikia Waarabu wanaliita rijla, wanaliuza sokoni kwa mafungu na wanalipika na nyama.

Siku niliyoliangalia sawasawa ni siku niliyotoka kumwaga taka nikamkuta mama mmoja wa Kichina amechutama chini ya AC yetu, ana chujio la plastiki, anang'oa. Wachina walikuwa wamekodi villa ya jirani. Wahandisi. Miaka ile Riyadh nzima ilikuwa inachimbwa, kila barabara imezungushiwa mabati, na kila ukiwasha televisheni kuna kitu kingine kimeruhusiwa: leo sinema, kesho wanawake kuendesha gari. Huyu mama ndiye aliyekuwa akiwapikia wale wahandisi.

"We mama," nikamwambia kwa Kiarabu changu cha kujifundisha kwenye tamthilia, "hapo ni kwetu. Unatafuta nini?"

Akaniangalia. Akavunja kishina, akakitia kinywani, akatafuna. Akavunja kingine akaninyooshea mimi.

Mtu akinijibu kwa kutafuna najua ananidharau. Nikapandisha sauti, na ile sauti ndiyo iliyomtoa dada jikoni.

Dada hakuwa wa kuzaliwa nami. Yeye ni Mkamba wa Kitui, Mkristo, na mimi ni Mwislamu wa Mombasa, na nyumbani pengine tungepishana njiani bila hata salamu. Lakini katika ile nyumba tulikuwa wawili, chumba kimoja juu ya paa. Wiki yangu ya kwanza, nilipokuwa nalia mpaka macho yamevimba, yeye alichukua mahindi ya kopo na maharage ya kopo ya madam, mke wa bosi, akanipikia githeri, akakaa akaniangalia mpaka nikamaliza. Toka siku ile, atakayemgusa yeye kanigusa mimi. Sijui kupenda mtu nusu.

"Sasa unapigania magugu?" akaniuliza. "Wewe mtoto wa pwani, siku moja utagombana na ukuta."

"Ukuta wenyewe si ni wetu!"

"Ukuta ni wa baba," akasema; bosi tulikuwa tunamwita baba. "Wewe unao nini hapa? Kuja ndani."

Yule mama wa Kichina alikuwa hatusikilizi. Alikuwa anaiangalia mikono ya dada.

Wacha niieleze ile mikono, kwa sababu maneno yote yanaanzia hapo. Ilikuwa imepasuka kila kiungo cha vidole. Katikati ya vidole inatoa maji, mgongoni imefanya magamba, na usingizini alikuwa anajikuna mpaka mashuka yanapata alama. Ilitokana na klorini. Katika zile nyumba kitu hakijatakata mpaka kinuke klorini: sakafu, choo, sinki, vikombe vya watoto. Dada alikuwa anatia klorini na sabuni pamoja, maji ya moto, mkono mtupu. Glovu zilikuwepo, madam mwenyewe alizileta. Dada alikuwa anazitundika kwenye bomba.

"Nikivaa hiyo plastiki nitajuaje sahani imetoka mafuta?" alikuwa anasema. "Sahani unaiosha kwa vidole. Macho yanadanganya."

Madam alimpeleka hospitali, lazima niseme ukweli. Akapewa krimu. Mikono ikapoa kidogo, ikarudi vilevile. Akapelekwa tena, krimu nyingine, ikawa mchezo ule ule. Mwisho madam akasema, kwa upole tu, hata hakupandisha sauti, kwamba mikono ile haiwezi kuendelea kushika chakula cha watoto wake. Ikiwa haiponi, dada atarudishwa maktab.

Maktab ni ile ofisi iliyotuleta. Kurudishwa maktab ni kukaa kwenye chumba na wengine waliorudishwa, mabosi wapya wanakuja kuwaangalia, na kitu cha kwanza wanachotaka kujua ni kwa nini ulirudishwa.

"Na mikono hii nani atanichukua?" dada aliniuliza. "Wanaangalia mikono kabla ya uso." Alikuwa na kijana mmoja sekondari, anamsomesha peke yake. Alitaka kitu kimoja tu duniani, akae pale mpaka yule mtoto amalize shule. Hilo ndilo lililokuwa mezani, na sote tulilijua.

Basi yule mama wa Kichina akasimama, akaushika mkono wa dada kama mtu anayeangalia samaki sokoni, akaugeuza huku na huku. Akatoa simu. Akaiambia simu maneno kwa Kichina, na simu ikasema kwa Kiarabu safi, sauti ya mwanamume wa taarifa ya habari: "Mkono huu unakula sumu kila siku."

Dada akaniuliza imesema nini. Nikamwambia.

"Mwambie hiyo simu mimi najua," akasema dada.

Lakini mama yule hakuondoka. Aliketi pale pale chini, akaponda rijla kwa jiwe mpaka ikawa uji wa kijani, akaubandika juu ya vidole vya dada, akavifunga na kitambaa. Halafu simu ikaeleza. Mbichi unaponda na kufunga. Au unachemsha, unaacha maji yapoe, unaloweka mikono. Kwao mabibi wote wanafanya hivyo, kwa majipu, kwa kuumwa na wadudu, kwa ngozi inayowasha. Jina lake kwa Kichina ni kitu cha meno ya farasi. Na klorini asiguse tena bila glovu. Hilo simu ilisema mara mbili, kwa sababu mama aliirudia mwenyewe huku amemkazia dada macho.

Dada akavaa glovu. Alimkatalia madam, alinikatalia mimi mwaka mzima, akamkubalia mwanamke asiyejua hata neno moja la kumwambia. Nilikasirika, wallahi. "Mimi nikikuambia unaniona mtoto," nikamwambia.

"Wewe ukiniambia unapiga kelele," akasema. "Huyu ameniambia na mkono."

Sasa watu wakinisikia naeleza habari hii huwa wananiuliza, ni majani yaliyomponya au ni glovu? Mimi sijui. Sikusoma udaktari. Ninachojua ni kwamba kila jioni tukimaliza vyombo dada alikuwa analoweka mikono kwenye bakuli juu ya paa, maji ya rangi ya chai nyepesi, na polepole ile mipasuko ikaanza kufunga. Madam akaona. Akasema alhamdulillahi, na habari ya maktab ikanyamaza.

Kisha tukahamia Jeddah.

Tulihamia kwa sababu ya madam, na hilo peke yake lilikuwa jambo. Alipata cheo kazini, cheo kiko Jeddah, na bosi akaomba uhamisho amfuate mkewe. Ndugu zake wa Riyadh walisema. Mama yake bosi alisema zaidi ya wote. Madam alijifunza gari, akawa anaenda ofisini peke yake, uso wazi, abaya ya rangi ya mchanga, na kila akitoka alikuwa anasoma dua ya kujikinga na jicho. Alikuwa anaamini kuna mtu anamhusudu. Hakujua tu ni nani.

Kabla hatujaondoka, dada alikata rijla yote ya ukutani. Mama wa Kichina alikuja kumfundisha kuikausha, maana jani lenye maji namna ile ukiliweka juani tu linakaa wiki nzima linakutazama. Unalitia kwanza maji yanayochemka, unalitoa haraka, ndipo unalianika. Jua la paa la Riyadh likalimaliza upesi, likawa kitu cheusi, kimekunjamana kama majani ya chai. Walipoagana mama yule hakutoa simu. Alivishika vidole vya dada kimoja kimoja akavikagua, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akarudi jikoni kwake.

Jeddah nyumba ilikuwa mtaa wa Hamra, karibu na bahari. Nzuri, kubwa, na kila kitu ndani yake kinatoa jasho. Chumvi inashikana kwenye kopo. Viatu ukiviacha wiki moja vinaota ukungu. Chumba chetu kilikuwa tena juu, AC yake inakohoa zaidi kuliko inavyopoza. Dada alikuwa na hofu moja, ile rijla yake isije ikaoza. Basi akafanya kama wanavyofanya kwao na mbegu: akachana leso kuukuu vipande vipande, kila kipande akatia kiasi cha kuloweka mara moja, akakaza fundo, fundo juu ya fundo, mpaka ukishika ni kama kokoto. Akayaunganisha kwa uzi. Nilimuona akifunga. Nikamcheka kwamba anatengeneza tasbihi ya mboga.

Mahali alipoyaweka sikupajua. Ningejua ningeyatoa kwa mikono yangu, kwa sababu mimi nimekaa chuoni, chuo cha Kurani, najua fundo ni nini kwa Mwislamu mwenye hofu. Kuna sura nzima tunamsomesha mtoto mdogo, ya kujikinga na wachawi wanaopuliza kwenye mafundo. Dada alikuwa ajue vipi? Kwao fundo ni mbegu za mtama.

Halafu madam akaharibikiwa na mimba.

Alikuwa bado hajatutangazia, lakini sisi ndio tunaofua na kupika, tulishajua. Ilikuwa asubuhi. Bosi alimchukua mbio hospitali, na sisi tukabaki na watoto na kile chumba. Aliporudi alilala siku nyingi ameukabili ukuta. Dada alikuwa anampelekea supu, anaweka, anakaa chini kando ya kitanda bila kusema neno, kwa sababu hakuwa na Kiarabu cha mambo kama yale. Kiarabu chake kilikuwa cha jikoni tu. Mimi Kiarabu ninacho, lakini sikujua la kusema, na hilo huwa halinitokei.

Ikafika Shaabani, siku za kuisafisha nyumba kwa ajili ya Ramadhani. Kila kabati linamwagwa nje. Madam alichukua likizo akasema atapanga chumba chake cha nguo mwenyewe, atoe abaya za zamani za sadaka. Mimi nilikuwa napangusa ngazi. Nikasikia ukelele mmoja. Haukuwa wa mtu aliyeumia. Ulikuwa wa mtu aliyetia mkono gizani akagusa nyoka.

Nilipofika juu abaya zote zilikuwa chini, na madam amesimama amejibana ukutani, ameshika hanga la nguo, ananyooshea nalo. Nyuma kabisa, kwenye msumari, nyuma ya pale abaya zake zinapotundikwa, lilikuwa limening'inia lile shada la mafundo ya leso. Meusi na mekundu. Na kwenye fundo moja umejishika unywele mrefu.

Nywele za madam ziko kila mahali katika ile nyumba. Ziko kwenye mazulia, kwenye sinki, kwenye sufuria mara nyingine. Sisi ndio tunaozitoa. Lakini jaribu kumwambia hivyo mwanamke aliyezika mimba juzi, na ameukuta unywele wake kwenye fundo nyuma ya nguo zake.

"Sihiri," akasema. Alisema kwa sauti ndogo sana. "Sihiri, nyumbani kwangu."

Bosi akaja. Ni mtu mpole, mnene, hapendi fujo. Alipoliona lile shada uso wake ukabadilika rangi. Akasoma dua, akasoma, akaagiza beseni la maji. Dada akalileta beseni, masikini, yeye mwenyewe, hajui ni la nini.

"Hii ni ya nani?" bosi akauliza.

"Yangu," nikasema. Sikufikiri hata kidogo.

Dada neno "nani" kwa Kiarabu alilijua. Akaniangalia. "Umesema yako? Mwambie ni yangu. Usinibebee mizigo."

"Nyamaza, dada. Hujui hii ni nini."

"Najua. Ni ile dawa yangu."

"Kwao hii ni uchawi! Kitambaa, mafundo, unywele wa mtu. Kwao mtu anafungwa kwa hii!"

Akaligeukia lile shada kama analiona kwa mara ya kwanza. "Uchawi?" akasema. "Mimi niliweka hapa kwa sababu ni pakavu. Hii AC hawazimi, sababu ya zile mikoba za ngozi. Mahali ingine yote ni maji."

Nikaanza kueleza kwa Kiarabu, haraka haraka, Riyadh, maji ya AC, mama wa Kichina, lakini madam alikuwa analia na bosi amenyanyua mkono kunizuia. Alichojua yeye ni kwamba sihiri ikionekana haitupwi, inafunguliwa fundo kwa fundo ndani ya maji yaliyosomewa. Akajaribu la kwanza. Vidole vyake ni vya ofisini. Akajaribu kwa kucha. Akajaribu kwa kalamu.

"Mwambie anipe nimfungulie," dada akaninong'oneza. "Atajiumiza."

"Usiguse!" nikamwambia. "Usiguse hata kidogo!"

Nikalichukua mimi. Nilisoma ile sura kwa sauti wanisikie, kila mtu asikie, nikang'oa fundo kwa meno, nikamwaga kilichomo ndani ya beseni. Vile vitu vyeusi vikaelea. Kisha vikaanza kunywa maji, vikakunjuka, vikarudi kuwa vijani na vishina, na chumba kikanuka mboga iliyochemshwa. Bosi akainama. Akatoa kimoja kwa ncha ya kidole, akakinusa, na nikamuona pua yake inakumbuka.

"Hii rijla," akasema. "Wallahi hii rijla. Mama anapika hii."

"Ndiyo ninachosema, baba! Rijla! Ya mikono yake!"

Akacheka kidogo, kama mtu anayetua mzigo. Nami nikaanza kucheka. Nikadhani yamekwisha.

"Mikono," madam akasema kutoka pale ukutani. "Mwambie anionyeshe mikono."

Dada akainyoosha. Ilikuwa imepona. Palikuwa na alama nyepesi tu, kama mistari ya kalamu ya risasi iliyofutwa. Nilifurahi madam anaiangalia, nikajua sasa ataona faida yake, sasa ataelewa.

"Nilimpeleka kwa daktari mara mbili," madam akasema. "Haikupona. Rijla mimi naila tangu mtoto, sijaona rijla inaponya mtu." Akafuta uso. "Mimba yangu ilipokuwa inatoka, mikono yake ilikuwa inapona."

Bosi akakirudisha kile kijani ndani ya beseni.

Naijua hasira yangu, naijua kama mtu anavyomjua mbwa wake. Ilishaamka. Lakini yule mwanamke hakuwa anatukana. Alikuwa amehesabu kwa akili yake, usiku na mchana, apate jibu la mtoto wake, na hesabu ikamfikisha pale.

"Muulize," akaniambia. "Muulize kama alinitakia."

"Siulizi."

"Uliza!"

"Madam, hilo neno silitii kinywani kwangu nikampa huyu mtu. Nifukuze mimi kwanza."

Dada akanishika nguo. "Anasema nini?"

"Anasema mikono yako imepona."

"Na kingine?"

"Hakuna... kingine."

"Wewe ukidanganya unaongea polepole," dada akasema. "Niambie."

Nikamwambia. Nilimwambia nikiangalia beseni. Dada alikaa chini pale pale juu ya zulia, katikati ya abaya.

"Mwambie yale mashuka nilifua mimi," akasema.

Hilo nililijua mimi peke yangu. Asubuhi ile, walipokwenda hospitali, dada aliyachukua mashuka ya kitanda cha madam. Mashine ilikuwepo, hakuyatia mashine. Aliyapandisha juu ya paa, akayafua kwa mkono, maji baridi, sabuni ya mche, akavua glovu. Nilimgombeza. Nikamwambia mikono ndiyo kwanza inafunga, unaipasua tena. Akaniambia kilichokuwa pale hakikuwa uchafu, hawezi kukishika na plastiki. Yale maji hakuyamwaga chooni. Aliyamwaga kwenye udongo, kwenye chungu cha yasmini, na akasimama pale kidogo ameinamisha kichwa kabla ya kurudi kazini.

Mimi nikitafsiri huwa naongeza chumvi, kila mtu katika ile nyumba alikuwa anajua. Siku ile sikuongeza. Nilimweleza madam vilevile, mashuka, maji baridi, mkono mtupu, chungu cha yasmini. Nilipofika kwenye yasmini madam alijifunika uso kwa mikono yote miwili, na kilichomtoka ni kilio ambacho sikukisikia hata siku alipotoka hospitali. Dada akanyanyuka kumwendea, kama alivyozoea kumwendea.

Madam akarudi nyuma. Hakutaka kurudi, nilimwona. Mwili wenyewe ulirudi.

Dada naye aliona. Akasimama pale pale alipofika.

Jioni bosi aliniita jikoni. Akasema hakuna polisi, na maktab hampeleki. Atamkatia tiketi, arudi kwao kwa heshima, mshahara wake wote mkononi. Alisema kama mtu aliyepigania kupata hilo, na pengine alipigania.

"Lakini umeona mwenyewe ni rijla!" nikamwambia.

"Nimeona."

"Basi?"

"Nimeona mimi," akasema. "Yeye hawezi kuona. Hawezi kulala, binti yangu. Kila akifumba macho anayaona yale mafundo."

"Na huyu ana mtoto shuleni! Mwambie madam ana mtoto, yeye naye ana mtoto!"

Dada alikuwa amesimama mlangoni nyuma yangu. "Wacha kelele," akaniambia. "Mwambie asante kwa kutoniitia polisi."

"Hiyo siisemi. Asante ya nini? Siisemi."

Akaisema mwenyewe, kwa Kiarabu chake cha jikoni, "Shukran, baba," na bosi akaangalia pembeni.

Siku ya kuondoka hakuna aliyelipekua begi lake. Niliogopa watalipekua, nikawa nimesimama karibu nalo tangu alfajiri, tayari kupigana. Dada aliosha vyombo vya kifunguakinywa kama siku zote. Aliwabusu watoto. Madam hakushuka. Lakini gari lilipokuwa linatoka getini niliinua macho nikamuona dirishani juu, ameshika pazia, na dada naye alimuona, akainua mkono. Madam aliinua wake mpaka nusu.

Nami nilitaka kuondoka. Nilimwambia bosi siku ile ile, akaniambia mkataba wangu umebakiza miezi, niumalize. Niliumaliza. Nilimfanyia madam kazi yote, sikumfanyia nusu, lakini maneno sikumpa. Yeye aliyeniambia nyumba hii haina redio kwa sababu inacho kinywa changu, alikaa na ukimya wangu mpaka mwisho. Siku moja aliniuliza kama dada alifika salama. Nikasema ndiyo. Akangoja niendelee. Sikuendelea. Sijui kama nilimtendea haki; nilikuwa upande wa mtu mmoja, na upande wenyewe ulikuwa umebaki na mimi tu.

Dada alipiga simu baada ya muda, mtandao wa Kitui unakatika katika.

"Mikono?" nikamuuliza kabla hata ya salamu.

"Iko sawa. Kabisa."

"Na kazi?"

"Kuna ofisi Nairobi inapeleka watu Qatar. Nimeenda. Wananiuliza kwa nini nilirudi kabla mkataba haujaisha."

"Usiwaambie habari ya mafundo!"

"Mimi ni mjinga? Hiyo nikisema hakuna mtu atanigusa tena."

"Sasa utawaambia nini?"

Nilisikia kuku kwao, na mtu anakata kuni.

"Nitawaambia nilirudishwa sababu ya mikono," akasema. "Ilikuwa inauma, bosi akanirudisha. Halafu nitawaonyesha vile imepona."

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumwambia asiwapunguzie lawama, asiwasafishie jina watu waliomfukuza. Lakini alikuwa ameshaulizia habari zangu, ninakula nini, ninalala saa ngapi, nani anapika sasa, na je, huyo mpya anavaa glovu. Nikamwambia anavaa.

"Mkazanie," akasema, na simu ikakatika.